Sakafu Iliyoshuka Darini

Mama alikuwa akiitikia hodi ya bati. Mchana, jua likishakuwa kali, paa la chumba chake lilikuwa likigonga: ko, kimya kidogo, halafu ko ko. Yeye akiwa amejilaza kitandani au amekaa mlangoni anapukuchua mahindi, alikuwa anainua uso na kusema, "Karibu." Wala hakuwa akitania. Ilikuwa sauti ile ile anayompa jirani aliyekuja kuomba chumvi.

"Mama, bati hilo," nilikuwa namwambia. "Linapanuka kwa joto."

"Sawa, bati," anajibu. "Na baba yako naye alikuwa akibisha taratibu hivyo hivyo."

Nilikuwa naudhika. Mimi si mtu wa majini na mizuka. Nakodisha viti na maturubai hapa Mtendeni, nashinda nagombana na watu waliorudisha viti vimevunjika miguu, na nafasi ya kugombana na waliokufa sina. Lakini sauti ile ya bati ilinikaa rohoni. Baba alikuwa seremala, na alikuwa na namna yake ya kubisha hodi hata kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe: kwa kifundo cha kidole kimoja, polepole, anasikiliza kama mbao ni nzima. Sauti ilikuwa hiyo hiyo. Niliijua siku ya kwanza, na ndiyo maana nilikuwa mkali.

Baba alifia kijijini, ndani huko ukishapita Puge, alikokwenda kumjulia hali kaka yake mgonjwa. Kaka mgonjwa akapona, baba aliyekuwa mzima akalala baada ya chakula cha mchana na hakuamka. Ilikuwa masika, barabara ya kuingia kijijini imekatika kwa maji, na simu hazishiki. Wakamzika siku ile ile kabla ya magharibi, ndivyo inavyotakiwa. Sisi tulipata habari kesho yake, yeye ameshalala udongoni.

Kilichomchoma mama roho si kuzikwa mbali. Ni kwamba hawakupata mbao.

Waislamu wa hapa tunajua: maiti hawekwi kwenye sanduku. Anachimbiwa mwanandani, kishimo cha pembeni ndani ya kaburi, halafu mwanandani unafunikwa kwa mbao ili udongo usimwangukie. Mbao hizo ni viunza. Baba alikuwa fundi wa viunza wa mtaa mzima. Akisikia kilio alikuwa haulizi ni nani, anaanza kupima na kukata, na hakuchukua malipo hata ya tajiri. Sababu yake tuliijua tangu utotoni. Babu yake alikuwa mpagazi kwenye misafara, akafia njiani na mzigo kichwani, wenzake wakamfunika matawi wakaendelea na safari, kwa sababu msafara haumsubiri mtu. Hakuna anayejua ni wapi. Baba akawa anasema kila mara, "Mtaani kwangu hatalala mtu chini ya matawi." Yeye mwenyewe akalazwa chini ya matawi na nyasi, kwa haraka, mvua inanyesha.

Mama alikaa eda, kila akimaliza kutaja jambo hilo analianza upya. Kabla eda haijaisha, kiharusi kikamshika. Mdomo ulirudi, mkono ukarudi, mguu wa kushoto ukagoma. Tangu hapo alitembea kwa kishindo na mburuzo: mguu wa kulia unapiga, wa kushoto unafuata unakokota. Na paa likaanza kugonga.

Sasa, mama huyu alikuwa mcheza lelemama. Si mcheza wa kujipenyeza mwishoni mwa mstari. Alikuwa anasimama katikati, na wanawake wa mitaa mingine walikuwa wanakuja kumtazama mikono tu. Miaka michache baadaye binti yangu alipopata mchumba, jambo la kwanza mama alilosema halikuwa dua. Alisema, "Mke mwenzangu anaolewa. Nitamchezea." Bibi na mjukuu wa kike kwetu huitana hivyo, kwa kuwa wote wawili eti wanagombea babu mmoja.

Akajaribu uani mchana huo huo. Uwanja wetu ni mchanga, na wageni wa Tabora wanajua mchanga wa Tabora ulivyo: unameza kiatu. Mguu wa kulia ukazama, wa kushoto ukalima mtaro, akaenda chini. Binti yangu alicheka, akidhani bibi anafanya vichekesho vyake. Alipoona bibi hainuki, akalia.

Tulimwinua, tukampangusa. Akasema, "Kama siwezi kumchezea, siku hiyo mniache chumbani. Msinitoe. Sitaki kukalishwa kwenye kiti chako cha plastiki watu wakinipa pole."

Nikamwambia aache maneno hayo. Lakini usiku sikulala vizuri, na siku zilizofuata nikaona anaacha chakula. Nilimjua mama yangu. Akibaki chumbani siku ya harusi ya mjukuu wake, hatatoka tena chumba hicho kwa miguu. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nafanya kazi.

Kwenye simu nilikuwa nimeona harusi za Dar es Salaam, wanatandaza sakafu ya vipande vipande juu ya majani, watu wanacheza, kesho yake wanaifungua wanaipakia kwenye gari. Nikasema, hiyo. Mama apate pa kukanyaga, na baadaye niikodishe pamoja na viti. Sikatai, biashara niliiona pia. Siwezi kujifanya malaika.

Nilimpeleka mama kwa dada yake Bukene, kwa kisingizio cha mwanamke mmoja wa huko anayesifika kwa kukanda miguu. Akapanda treni kwa kununa. Nikafungua banda la baba.

Banda limepakana na chumba cha mama, paa ni moja. Sikuwa nimeingia humo kwa kazi tangu afe. Randa ziko mahali pake, misumeno imening'inia, vumbi la mbao limegeuka ngozi juu ya meza. Nikiwa msichana nilimsaidia baba sana, mpaka wajomba wakasema ananiharibu, kwa hiyo msasa na kekee si vitu vigeni kwangu. Mbao za paini za fremu nilinunua. Za juu, za kukanyagia, nilitaka mninga, na bei ya mninga siku hizi inamtoa mtu machozi. Nikainua macho.

Juu ya kenchi, zimefungwa kwa kamba ya manila na kuviringishwa magunia, palikuwa na matita mawili ya mbao, moja kubwa kuliko jingine. Nikazishusha. Mninga mtupu, mkavu, umepigwa randa ukalainika pande zote, mbao zote upana mmoja, fupi fupi, zimelingana. Kwenye ncha ya kila mbao kulikuwa na alama ndogo za patasi. Nikadhani ni vitanda vya watoto ambavyo mteja hakuvifuata. Mafundi huwa wanabaki na vitu vya namna hiyo. Nikamshukuru baba kwa sauti, peke yangu bandani, nikaanza kupima.

Nilitengeneza vipande vya mraba. Kila fremu niliifanya ndogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja kichwani, na nilipoinua ya kwanza kujaribu nikamkumbuka baba alivyokuwa akisema kitu kikikaa sawa kichwani: mzigo wa mpagazi. Mbao nikazipanga juu ya fremu, tita kubwa kwanza na dogo mwisho, alama za patasi zikitazama chini ili zisionekane, nikatoboa kwa kekee na kukaza skrubu, vichwa vyake nikivizamisha nisije nikamchana mtu kisigino. Pembeni nikaweka makomeo, kipande kikibana kingine. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Mninga ukaamka, ukawa mwekundu wa kahawia, harufu ikajaa mpaka barabarani.

Siku ya pili au ya tatu ya kazi hiyo, wakati wa jua kali, niligundua kwamba paa limenyamaza. Bati lilikuwa lile lile na joto lile lile. Nikasubiri, nimeshika bisibisi, nasikiliza. Hakuna kitu. Nikafurahi kwanza. Nikajiambia, kumbe zilikuwa mbao zikijinyoosha juu ya kenchi, nitamwambia mama akirudi, tutacheka.

Halafu kipande nilichokuwa nimekimaliza, kilichoegemea ukuta nyuma yangu, kikagonga. Ko. Kimya kidogo. Ko ko.

Mbao mpya kwenye fremu hujivuta, hasa ukiweka vanishi. Fundi yeyote atakwambia. Nilijiambia hivyo hivyo nikiwa tayari nimeshatoka nje, nimesimama juani na bisibisi mkononi.

Mama alirudi na mfuko wa michembe ya viazi vikavu na mguu ule ule. Nilikuwa nimetandaza sakafu uani, nimeifunika kwa turubai ili nimshangaze. Binti yangu akamshika mkono. Nikavuta turubai.

Mama akasogea ukingoni. Akavua kandambili, akapanda. Mguu wa kulia ukapiga, wa kushoto ukafuata, na mara ya kwanza tangu augue mguu ule haukulima, uliteleza. Kishindo, mburuzo. Akatembea mpaka katikati, mikono ikaanza kuinuka yenyewe. Binti yangu akapiga kigelegele.

Mikono ikashuka. Mama akanusa.

"Mninga huu umeupata wapi?"

"Bandani. Alikuwa ameuacha baba."

"Wapi bandani?"

"Juu ya kenchi."

Akamwambia mjukuu wake aende ndani akachemshe maji ya chai. Alipohakikisha ameingia, akasema, "Geuza kimoja."

Nikafungua komeo, nikainua kipande, nikakilaza kifudifudi. Mama akainama kwa taabu, akapapasa zile alama za patasi kwa kidole, moja baada ya nyingine, akifuata mpangilio wake.

"Huku kichwani," akasema. "Huku miguuni. Hiki cha kati." Akaniambia nigeuze na kimoja cha upande wa kulia, akapapasa nacho. "Hizi zake. Hizi, zangu. Zake ni nyingi, baba yako alikuwa mrefu."

Ndipo nikaelewa nimekazia skrubu nini. Viunza nilivyovijua mimi vilikatwa haraka siku ya msiba, havikupigwa randa. Wazee wa hapa wengi wana sanda zao sandukuni chini ya nguo, zimewekewa kafuri, na sisi watoto tunajifanya hatujui. Baba aliongeza viunza. Alivichonga vyake na vya mke wake, akavipandisha juu asimwambie mtoto, kwa kuwa mtoto haonyeshwi mbao za mzazi wake. Na alikuwa na mwiko mmoja wa kazi: mbao ya kaburi haipigwi msumari wala skrubu. Mimi nilikuwa nimezitoboa zote.

Nikasema nitazifungua sasa hivi. Nikasema nitaziba matundu, nitanunua nyingine, harusi tutafanyia ukumbini. Nilikuwa naongea sana. Mama alikaa kwenye ukingo wa sakafu, mguu mbovu ameunyoosha juu ya mchanga, akaniacha nimalize.

"Unajua baba yako alinichumbia vipi?" akasema. "Alituona tunacheza juu ya mabenchi ya kuazima, yanayumba. Akaniambia, nikikuoa nitakutengenezea sakafu yako. Mbao za mninga, unakanyaga inakuitikia. Nikamwambia, ukinidanganya nitarudi kwetu." Akacheka kidogo. "Mwaka ule ule akapata mbao, akafa imamu. Akapata nyingine, akafa mtoto wa jirani. Kila akipata mbao, mtu anakufa. Mwisho nikaacha kuuliza. Nikikumbusha, naona kama naua mtu."

Sikuwa nimeisikia habari hiyo hata siku moja. Nilikaa naye kwenye mbao.

"Miaka yote hii anagonga," akasema, "mimi nikidhani anadai viunza vyake. Nikawa nasema karibu, karibu, na sina cha kumpa, maana kaburi halifunguliwi. Unajua mtu anavyoumia kumkaribisha mume wake na kumwacha mlangoni?"

Alilia hapo. Mama hakuwa mtu wa kulia mbele ya watoto, hata msibani alilia amejifunika. Nikamshika bega. Kutoka chini yetu, kwenye kipande cha pembeni kilichokuwa juani, mbao ikagonga.

Mama akajifuta uso kwa upande wa kanga. Hakusema karibu. Alisema, "Umechelewa, bwana wee," kama anavyosemwa mume aliyerudi na kitoweo jua limeshazama. Halafu akaniambia nifunge makomeo.

"Mama, na matundu?"

"Mchwa wa kaburini waliwahi kuuliza tundu?"

Siku ya sherehe ya wanawake, kabla ya nikahi, sakafu ilikaa katikati ya uwanja wetu chini ya turubai langu la bluu. Wenzake wa lelemama waliobaki walikuja, mmoja haoni vizuri, mwingine anaumwa moyo, wamevaa kanga sare zilizopauka. Wakasimama mstari, mama katikati. Ngoma ikaanza taratibu. Mikono yake nilikuwa nimeisahau. Inapanda haina haraka, inageuka kwenye kiungo, inashuka, na chini mguu wa kulia unapiga na wa kushoto unakokota, mpaka wenzake wakaanza kuufuata huo mkokoto na ukawa ndio mtindo. Wasichana waliokuwa wanarekodi kwa simu walidhani ndivyo lelemama inavyochezwa. Mama alikuwa amefumba macho. Nilimwona midomo inakwenda, na sikuhitaji kusogea karibu kujua anaongea na nani. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na baridi mgongoni, vyote pamoja, katika joto lile.

Alicheza kwenye mbao za baba. Zile zake mwenyewe, upande wa kulia wa sakafu, hakuzikanyaga hata mara moja.

Alikufa kabla ya masika yaliyofuata, kitandani, asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto. Watu walipokuwa wanachimba, nikaingia bandani nikafunga mlango kwa ndani. Nilijua zipi. Nikafungua skrubu moja moja kwa bisibisi ya baba, nikazipanga kwa alama zake, kichwani, kati, miguuni. Nilizipitisha dirishani kwa shemeji yangu ili binti yangu asizione. Shemeji alinisimulia baadaye kwamba mmoja wa wachimbaji alishangaa, akasema mbao za nani hizi zenye matundu, udongo utapita. Akachukua udongo mbichi, akaziba kila tundu kwa kidole gumba.

Zake baba zimebaki, kwenye fremu zao, zimeegemea ukuta wa banda. Wateja huwa wanaziulizia. Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja anayetafuta sakafu ya sherehe ya kumuaga dada yake. Nikamfungulia banda atazame viti. Ilikuwa mchana, jua kali. Akasogea kwenye vile vipande, akapitisha kiganja, akasifia mninga, na hapo hapo sauti ikaja. Si hodi. Hodi sijaisikia tena tangu siku mama alipocheza. Ilikuwa kishindo, halafu mburuzo. Kishindo, halafu mburuzo.

Kijana akainua macho juu.

"Bati hilo, mama," akaniambia, kwa upole, kama mtu anayenitoa wasiwasi. "Joto."

Nikamwambia ni kweli, ni bati. Akauliza basi sakafu naikodisha bei gani.

"Hiyo haipatikani," nikamjibu. "Ina mtu."